Mlima Wetu, Simu Zetu na Maswali ya Watoto

MWEZI wa Agosti mwaka 2022, Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, lilizindua huduma ya intaneti ya kasi katika Mlima Kilimanjaro. Mitambo ilifikishwa hadi kituo cha Horombo, kwenye kimo cha mita 3,720 hivi juu ya usawa wa bahari, ili mpandaji aweze kusimama juu ya mawingu na kuzungumza na jamaa zake walio ng'ambo ya pili ya dunia. Ni jambo la fahari kwa taifa. Lakini, ndugu msomaji, jambo hilo lazusha swali: intaneti imekwisha kuupanda mlima, je, watoto wetu wa Moshi wameupanda, walau kwa fikra?

Mtoto wa Pasua, Majengo au Kiboriloni huamka alfajiri, na kabla mawingu hayajashuka huiona Kibo imesimama mbele yake. Huiona kila siku mpaka akaizoea kama aizoeavyo paa ya nyumba yao. Muulize kwa nini kule juu kuna barafu na huku chini kuna joto, au maji ya bombani yatoka wapi, na aghalabu atanyamaza. Lakini mpe simu ya baba yake kwa nusu saa, naye atakueleza habari za vikaragosi vyote vinavyocheza na kuimba humo. Mtoto huyo hana kosa. Chombo kimefika mikononi mwake kabla ya swali, na chombo kisicho na swali hugeuka kuwa mwanasesere.

Makala hii haikusudii kuwaogofya wazazi kuhusu simu, wala kuwasifia. Neno letu ni moja: katika kumfundisha mtoto sayansi na habari za viumbe, simu ni mtumishi mwema ikiwa kazi inaanza kwa swali la mtoto mwenyewe na kuishia nje ya nyumba, kwenye kitu chenyewe.

SWALI LILILOCHEKWA

Kisa cha Erasto Mpemba chafaa kusimuliwa katika kila nyumba. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanangoja yapoe, kisha wanayaweka ndani ya jokofu. Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa haba. Mpemba akaogopa kukosa mahali, akayaweka maziwa yake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi alirudi akakuta yake yameganda, na ya mwenzake, yaliyowekwa yakiwa baridi, hayajaganda.

Alimwuliza mwalimu sababu. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akaendelea kuuliza, na wenzake wakafanya mzaha. Baadaye, akiwa Mkwawa mjini Iringa, alitembelewa na mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne. Mpemba akasimama na kuuliza swali lile lile, na darasa likacheka. Lakini Osborne hakulitupa swali hilo. Aliporudi chuoni alitaka lijaribiwe, na matokeo yakawa kama alivyosema kijana. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha habari hiyo katika jarida la elimu ya fizikia la Uingereza. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, hapa hapa kwenye mitelemko ya Kilimanjaro.

Leo jambo hilo huitwa athari ya Mpemba duniani kote, na mpaka sasa wanasayansi wanabishana: wapo wanaosema hutokea, wapo wanaosema hutegemea namna ya kupima. Kijana yule hakuwa na intaneti. Alikuwa na jambo aliloliona kwa macho yake, na swali ambalo hakukubali kulitupa. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Basi, mzazi uliyerudi kazini na uchovu, ufikirie mara mbili kabla ya kumwambia mtoto, "Nyamaza, usinisumbue." Huenda swali lake ni kubwa kuliko wewe na mwalimu wake.

Jaribio lenyewe laweza kufanywa katika nyumba yoyote yenye friza. Chukua vikombe viwili vya bati vilivyo sawa. Kimoja kitiwe maji ya baridi, na kingine maji ya moto kwa kipimo kile kile, mzazi akimimina mwenyewe. Mtoto aandike saa, achungulie kila baada ya dakika kumi, na aandike anachokiona. Jibu likiwa kinyume cha la Mpemba si aibu. Na arudie, maana jaribio lililofanywa mara moja halijamaliza kazi.

ULIZA, KISIA, TAFUTA, HAKIKISHA

Zipo hatua nne ambazo familia yoyote yaweza kuzifuata. Kwanza, mtoto aulize. Pili, akisie jibu kabla simu haijawashwa, tena aliandike kwenye daftari. Tatu, mtafute pamoja katika mtandao. Nne, mtoke nje mkahakikishe. Hatua ya pili ndiyo inayosahauliwa zaidi, nayo ndiyo inayoamsha akili. Mtoto aliyekwisha kukisia husoma kwa hamu, kwa kuwa ataka kujua kama ameshinda au ameshindwa.

Tuchukue mfano. Mtoto auliza: "Kwa nini kileleni ni baridi, ilhali huko ni karibu zaidi na jua?" Mwache akisie. Kisha mtafute umbali wa jua. Mtakuta ni kadiri ya kilometa milioni 150, na kilele cha Uhuru kina urefu wa mita 5,895, yaani hakifiki hata kilometa 6. Mbele ya umbali ule, mlima wetu si kitu. Jua huipasha moto ardhi kwanza, na ardhi ndiyo inayoipasha hewa. Hewa ikipanda juu hukuta kani ndogo zaidi ya hewa inayoikandamiza, nayo hutanuka, na katika kutanuka hupoa.

Sasa mpeni hesabu. Kwa wastani hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila upandapo mita 1,000. Mji wa Moshi uko kwenye mita 800 hivi. Kutoka hapa hadi kileleni ni mita 5,095, ambayo ni sawa na upungufu wa nyuzi 30 na ushei. Basi, ikiwa wastani wa joto la Moshi ni nyuzi 24, kileleni patakuwa na nyuzi 6 au 7 chini ya sifuri. Baada ya kupata jibu hilo kwa kalamu, mrudi mtandaoni mtafute vipimo vilivyochukuliwa na mitambo ya wanasayansi huko juu. Mtakuta wastani wa mwaka ni karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Mtoto wa darasa la sita atakuwa ameupima mlima kwa kalamu akiwa jikoni kwa mama yake!

Kilichobaki ni kuhakikisha. Nauli ya daladala hadi Marangu au Kibosho si kubwa, na ndugu hawakosekani. Kipimajoto kidogo kisomwe stendi ya Moshi asubuhi ya Jumapili, na siku nyingine kama hiyo kisomwe huko juu saa ile ile, kivulini. Tofauti itaonekana, na mtoto ataiamini kwa kuwa ni yake.

MTANDAO NAO HUKOSEA

Hapa yafaa tuwe macho. Zipo kurasa zinazouweka mlima wetu katika nchi jirani, kwa kuwa tu picha zilipigwa kutoka Amboseli. Kosa hilo ni dogo na mtoto atalicheka. Yapo mengine makubwa zaidi.

Mara nyingi husomwa kwamba maji ya mito na mifereji yetu yatoka katika barafu ya Kibo, na kwamba barafu ikiisha Moshi itakauka. Barafu kweli inapungua. Mwaka 1912 ilifunika kilometa za mraba 12 hivi, na kufikia mwaka 2007 zilikuwa zimebaki chini ya 2, yaani asilimia 85 ilikuwa imetoweka. Mwaka 2022 UNESCO ilitoa taarifa kwamba barafu ya Kilimanjaro huenda ikawa imekwisha ifikapo mwaka 2050. Watoto wetu wa leo watakuwa watu wazima, nao wanaweza kuwa kizazi cha mwisho kuiona. Hilo ni jambo la kusikitisha, wala lisifichwe.

Lakini habari ya maji ni nyingine. Barafu iliyobaki ni kidogo mno kuweza kulisha mito yote ile. Maji yetu kwa sehemu kubwa ni ya mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Mvua kubwa kabisa hunyesha katika ukanda wa msitu, kwenye mita 2,000 na ushei, wala si kileleni ambako ni pakavu. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, alieleza mwaka 2005 kwamba moto unaoteketeza misitu ya juu na kuushusha mpaka wake unatupotezea maji mengi kuliko kuyeyuka kwa barafu.

Ona, ndugu msomaji, tofauti hii ilivyo na uzito. Mtoto anayeamini kwamba maji yatoka katika barafu atakua akisikitikia kitu ambacho mikono yake haiwezi kukiokoa. Anayejua kwamba maji yatoka msituni ataona kwamba mti unaokatwa na moto unaowashwa ovyo vinahusu bomba la nyumbani kwao, na mashamba yote ya chini hadi bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya mto Pangani. Huyo anayo kazi ya kufanya.

Jambo hili nalo lina jaribio lake. Kata chupa mbili za plastiki ubavuni na uzilaze. Moja ijazwe udongo mtupu ulioshindiliwa, nyingine udongo wa aina ile ile uliofunikwa majani makavu na matawi yaliyooza. Ziinamishe kidogo na umimine kikombe kimoja cha maji katika kila moja. Katika ya kwanza maji yatashuka mbio, yakiwa na tope. Katika ya pili yatachelewa, nayo yatatoka taratibu na kwa muda mrefu. Baada ya hapo mtoto hatahitaji kuhubiriwa juu ya msitu.

Wala tusidhani kukosea kutoka mbali ni jambo la zama za intaneti. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya mlima huu. Kiongozi wake alidhani ni baridi. Rebmann akatambua kuwa ni theluji, akaandika habari hiyo Ulaya. Mjini London mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley alikataa katakata: theluji haiwezi kuwako karibu na Ikweta! Theluji iliendelea kuwako. Mfundishe mwanao kwamba habari yoyote ya mtandaoni iulizwe: nani amesema, lini, na je, alikwenda kuona?

MACHO YA NYONGEZA

Vipo vifaa vya mtandaoni vinavyofaa kwa kazi hii bila malipo, ila gharama ya bando. Programu iitwayo Seek humwezesha mtoto kuelekeza kamera kwenye jani, mdudu au ua na kuelezwa jamii yake. Nayo haimdai mtumiaji kujiandikisha. Merlin huuliza habari za ndege uliyemwona, ukubwa wake, rangi yake na alichokuwa akifanya, kisha hutaja wanaofanana naye. Kwa watoto wadogo, katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa Dar es Salaam na zilizoanza kuonyeshwa mwaka 2014, hufundisha hesabu na sayansi kwa lugha yetu. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina makala ambazo mtoto wa shule ya msingi aweza kuzisoma bila mkalimani.

Picha za setilaiti nazo zapatikana bure kutoka NASA, shirika la anga la Marekani. Chagueni siku isiyo na mawingu, mtafute Kilimanjaro, na mtoto ataona duara la kijani la msitu likiuzunguka mlima kama shuka, kisha ukanda wa kahawia, kisha jivu na mawe. Oktoba 2020 moto ulipozuka mlimani, picha za setilaiti zilionyesha ardhi iliyoungua, na wananchi wa Moshi waliuona mwanga wake usiku. Mtoto mkubwa aweza kulinganisha picha za kabla na za baada ya moto ule.

Lakini vifaa hivyo vitakuwa bure visipotumiwa nje. Si lazima kulipa ada ya hifadhi. Msitu wa Rau uko karibu na mji, unanyweshwa na maji ya chini ya ardhi, una mivule mikubwa na mbega wanaoruka juu yake. Hata uani kwako, kwarara anayetafuta minyoo kwenye majani na siafu wanaohama kabla ya mvua ni somo la kutosha kwa juma zima.

BANDO NA USALAMA

Mfanyakazi atasema: bando ni ghali. Ni kweli, na ndiyo sababu swali litangulie. Video hula sana, maandishi na picha hula kidogo. Ukiwa na maswali matatu yaliyoandikwa kwenye karatasi, dakika ishirini zitakutosha. Kinachopakuliwa mara moja kihifadhiwe, kisitafutwe upya kila siku.

Juu ya usalama, mambo machache yashikwe bila kulegezwa. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na intaneti. Aketi sebuleni, kioo kikionekana na mkubwa. Asiandike jina lake kamili, shule yake wala mtaa wake. Picha ya ua irushwe, lakini picha ya mtoto mwenye sare ya shule isirushwe. Mitandao mingi ya kijamii imeweka umri wa miaka 13 kuwa wa chini kabisa. Mzazi asimdanganyie mtoto umri wake, maana atakuwa amemfundisha uongo pamoja na sayansi. Na ajue tangu mwanzo kwamba akikutana na jambo la kumtisha au mtu asiyemjua akimwandikia, atakuja kusema, wala hatapigwa kwa kusema.

BIBI NAYE NI MAKTABA

Programu itamwambia mtoto kwamba mmea uliopandwa mpakani mwa kihamba ni wa jamii ya Dracaena. Bibi yake atamwambia kwamba ni isale, ambalo Wachagga hulitumia kuonyesha mpaka na kuombea msamaha, na mtu akija nalo mlangoni ni vigumu kumkatalia suluhu. Babu atamwonyesha mfongo, mfereji uliochimbwa na wazee kuleta maji shambani kwa kuyafuatisha mteremko kwa jicho tu, miaka mingi kabla ya kuja wakoloni. Hiyo nayo ni sayansi, na sehemu kubwa yake haijaandikwa popote. Mtoto na aandike majina ya miti kwa Kichagga, kwa Kiswahili na kwa jina la kisayansi, katika safu tatu. Safu ya kwanza ndiyo itakayopotea upesi zaidi, kwa hiyo ianze kujazwa sasa, wazee wangalipo.

Mwaka 2016 ilitangazwa habari ya mti aina ya mkukusu uliopimwa katika bonde moja la Kilimanjaro. Urefu wake ulikuwa mita 81.5, mrefu kuliko miti yote ya asili iliyowahi kupimwa Afrika, na umri wake ulikadiriwa kupita miaka 500. Ulikuwako wakati Rebmann anapita, na wakati Mpemba anasoma Mweka. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza una urefu gani, na kwenda na kipimo.

Basi jioni ya leo, ndugu msomaji, kabla ya chakula, mpe kila mtoto nafasi ya kuuliza swali moja juu ya mlima ule. Liandikwe, likisiwe, litafutwe. Na Jumapili ijayo, vaeni viatu mwende mkalione jibu.